Komamanga la Dirishani

Watu wa mtaa wetu hapa Mapinga wamekwisha kunipa majina mengi kwa sababu ya madirisha yangu. Wapo wanaosema nimebadili dini. Wapo wanaosema nina rohani anayedai nyekundu. Fundi baiskeli wa pale njiani anasema nimefungua hoteli ya Wachina, na kila akipita ananiuliza leo kumepikwa nini. Huyo peke yake ndiye ninayemjibu. Wengine nawaacha waseme mpaka midomo iwachoke, maana madirisha ni yangu, na karatasi nimezikata kwa mkasi wangu.

Kwa asiyewahi kuziona, ni karatasi nyekundu nyembamba. Unaikunja, unaikata kwa mkasi, na ukiikunjua inatoa samaki, jogoo, ua, tawi la majani. Halafu unaibandika kwenye kioo cha dirisha kwa uji wa unga wa ngano. Jua likipita kwenye yale matundu, picha ile ile inaanguka sakafuni. Wachina huzibandika sikukuu ya mwaka wao mpya, na nyumba inapofanya harusi. Mimi hubandika Idi. Sioni kwa nini nimwombe mtu ruhusa.

Nilijifunza kwa jirani. Alikuja na mumewe wakapanga nyumba iliyotazamana na yetu, wakati huo mikorosho bado imejaa pande zote za njia na wenye magari ya Dar hawajaanza kuja kupima viwanja kila Jumapili. Mumewe alisimamia mashine za kusaga mawe huko Lugoba. Mume wangu aliendesha lori la kokoto kutoka huko huko, ndiyo maana wakafahamiana. Wanaume wakiondoka alfajiri, mimi na yule mwanamke tulibaki kutazamana mchana kutwa, kila mmoja barazani kwake.

Mimi nashona kofia. Ni zile kofia nyeupe za mkono wanazovaa wanaume wetu msikitini na harusini, zenye viua, yaani matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi. Mama yangu alizishona Bagamoyo, na bibi yangu kabla yake. Siku moja jirani akavuka njia, akachuchumaa mbele yangu, akaichukua kofia niliyokuwa nayo akaiinua juani. Akarudi kwake, akaja na mkasi mdogo na karatasi nyekundu, akaikunja akaikata pale pale miguuni pangu. Alipoikunjua walitoka samaki wawili wamepeana migongo. Akainua karatasi yake kwa mkono mmoja na kofia yangu kwa mkono wa pili, zote mbili kwenye mwanga, akacheka. Nikaelewa bila tafsiri. Matundu yake na matundu yangu yalikuwa kazi moja.

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: nyanya, ghali, kesho, punguza. Lakini Kichina changu hakikuwepo kabisa, kwa hiyo kama ni kuchekwa, wa kuchekwa nilikuwa mimi. Tulisemeshana kwa vidole zaidi. Alinifundisha kukata katikati kwanza na pembeni mwisho, maana ukianza na pembeni karatasi inalegea na kazi yote ya katikati inachanika. Nilikuwa na haraka ya kuona umbo, na kila nikikimbilia pembeni alinigonga kidole kwa mpini wa mkasi.

"Dada, ndani. Ndani kwanza."

Samaki, kwao, ni dua kwamba chakula kisiishe chote mezani, kibaki cha kesho. Jogoo anaita mwanga. Mimi nikaongeza vya kwangu. Nilikata samaki changu mwenye miba yake, nikakata korosho na bibo lake, nikakata asumini, nikakata lile embe la kwenye pindo la kanga. Korosho yangu aliipenda mpaka akaibandika dirisha lake la mbele, na wenzake waliokuja kumtembelea wakapigwa na butwaa, hawajui ni mdudu au ni tunda.

Sikukuu yao ya kwanza akiwa hapa nilitaka kumfurahisha. Nikakata ua kubwa, kubwa kuliko yote niliyowahi kukata, na nikalikata kwa karatasi nyeupe, maana sisi watu wa pwani kizuri ni cheupe. Kanzu ya Idi ni nyeupe, kofia ni nyeupe. Nikaliweka kwenye sinia pamoja na kashata, nikavuka njia nikinukia udi. Alifungua mlango akicheka, akaona sinia, na kicheko kikamkauka usoni. Alipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, lakini ile karatasi aliigeuza kifudifudi haraka na hakunikaribisha ndani.

Kesho yake akaja kunieleza. Alilala chali juu ya mkeka wangu, akafumba macho, akakunja mikono kifuani. Kisha akaamka, akashika kipande cha karatasi nyeupe akakitikisia kichwa.

"Nyeupe, mtu kufa," akasema. Akashika nyekundu. "Nyekundu, nyumba ina watu."

Nikaomba radhi. Halafu nikaona na mimi nimweleze ya kwetu, kwamba huku kitambaa chekundu kikining'inia mlangoni, watu wanajua hapo pana mganga na mashetani yake. Nilimwonyesha kwa kutetemeka mabega kama mtu aliyepandwa. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Yeye alikuwa ameitia nyumba yake nzima uganga, na mimi nimempelekea sanda kwenye sinia.

Sasa niseme jambo ambalo watu hulisema nikiwa nimewapa mgongo. Mimi na mume wangu hatukujaaliwa mtoto. Tulihangaika, tukaomba, tukaenda hospitali, tukanyamaza. Jirani alilijua hilo bila kuambiwa, kama wanawake wanavyojua. Mumewe alipomaliza kazi Lugoba wakawa wanaondoka moja kwa moja, alikuja kuniaga na karatasi moja iliyolazwa kati ya makaratasi magumu isikunjamane. Ilikuwa komamanga lililopasuka, mbegu zote zinaonekana, kila mbegu tundu lake. Kwao komamanga ni dua ya watoto wengi. Alinishika tumbo kidogo kwa kiganja, akaniachia, akaenda zake kwenye gari.

Nililia, kisha nikakasirika. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kukatikiwa damu ya mwezi, dua gani tena? Nikalitia sandukuni chini ya kanga.

Mume wangu ndiye aliyelikuta, akitafuta msuli wake. Akaja nalo jikoni amelishika kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Hili mbona umelificha?"

"Nilibandike ili nini, mume wangu? Kwa umri huu?"

"Tubandike tu. Mungu hana kuchelewa."

Madirisha yetu wakati huo yalikuwa ya nyavu za mbu, na karatasi haishiki kwenye wavu. Basi akaenda akaleta kioo, akang'oa wavu wa chumbani, akakitia mwenyewe. Uji wa kubandikia aliupika yeye pia, na aliupika mzito, ungeweza kuula kwa mchuzi. Alilibandika komamanga kwa ndani, usawa wa kitanda, na alilibandika upande. Nilimwambia limepinda. Akasema komamanga likiwa juu ya mti nalo huwa halijanyooka. Tangu siku hiyo akawa anatia vioo dirisha moja baada ya jingine, kila akipata nafasi, mpaka nyumba nzima ikawa na mahali pa kubandika.

Alikufa ghafla. Alirudi na lori, akakaa barazani, akaomba maji, na nilipotoka na kikombe alikuwa amekwisha kwenda. Presha, walisema. Sina la kuongeza hapo.

Nikaingia eda. Nilikaa chumbani na nguo zangu nyeupe, sitoki, sijipambi, sionani na mwanamume anayeweza kunioa. Na shemeji ni mmoja wao, kwa hiyo kaka mkubwa wa mume wangu alipokuja kutoka Saadani kunisemesha, alisemea ukumbini na mimi niko nyuma ya pazia la mlango. Nilikuwa naona miguu yake tu.

"Shemeji, pole na msiba."

"Tumeshapoa."

"Sasa shemeji, sikiliza. Ukimaliza eda, jikusanye. Hii nyumba nimeipatia mnunuzi, mtu wa Dar. Wewe rudi kwenu Bagamoyo kwa wadogo zako wakutunze. Utakaa humu na nani? Nyumba isiyo na mtoto ni banda tu."

Nilitaka kutoka nimkabili, na eda ilinizuia. Nikasema, "Nimesikia." Miguu yake ikaondoka imeridhika, kwa vile alidhani kusikia ni kukubali.

Mirathi sikuikataa, na nataka lijulikane. Shehe alikuja, akakaa nasi, mimi nyuma ya pazia, akaeleza la kila mtu. Shamba la mikorosho walilichukua ndugu zake na sikufungua mdomo. Lakini kuhusu nyumba, shehe alisema mbele ya wote kwamba tuliijenga wawili, changu kimo humu kabla ya mgao wowote, na hakuna wa kuiuza bila mimi. Shemeji aliitikia, "Sawa shehe, sawa shehe," kisha akaendelea na mnunuzi wake. Matofali ya nyumba hii nilifyatua na mimi. Maji nilibeba na mimi. Bati za upande wa nyuma ni kofia zangu, kofia juu ya kofia, macho yananiuma. Usione vyaelea, vimeundwa.

Basi nikiwa edani nikaagiza karatasi nyekundu. Aliyeniletea alidhani ni za watoto wa madrasa. Kila siku baada ya adhuhuri nilikaa kwenye mwanga wa dirisha la chumbani, chini ya lile komamanga, nikikata. Ndani kwanza, pembeni mwisho. Kila samaki aliyekamilika nilimlaza chini ya godoro upande wa mume wangu. Sikubandika hata moja. Kwao aliyefiwa habandiki nyekundu, na kwetu aliyefiwa hapambi, kwa hilo Wachina na sisi ni kitu kimoja, na mimi huzuni yangu nilitaka kuimaliza kwa heshima yake. Lakini hakuna mila iliyosema nisijiandae.

Eda ilikwisha siku chache kabla ya Idi. Nikaoga, nikajitia udi, nikavaa kanga mpya, nikaenda jikoni kupika uji wa ngano, mwepesi kama inavyotakiwa. Mpaka alasiri kila kioo kilikuwa chekundu. Ukumbini niliweka samaki, mbele ya nyumba jogoo na makorosho, jikoni asumini, hata kile kidirisha cha chooni nilikipa jani. Nilikuwa nalia huku nabandika, na nilikuwa na furaha pia, na sitaki mtu aniambie havikai pamoja.

Dirisha la chumbani sikuligusa. Kwa kawaida yao, ya zamani inakwanguliwa yote ndipo mpya inabandikwa. Na komamanga lilikuwa limezeeka kweli. Jua lilikuwa limelinywa mwaka baada ya mwaka, likawa la waridi, kisha la maziwa, na nilipolitazama siku hiyo lilikuwa jeupe kabisa, nyeupe ya nguo nilizotoka kuzivua. Nilishika kisu cha kukwangulia, nikakirudisha jikoni.

Mtaa ukachemka. Siku ya pili ya Idi nasikia hodi, natoka, namkuta mwanamke mgeni amebeba mtoto mgongoni, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeelekezwa kwa mganga. Wamesema nyumba yenye nyekundu."

Ilibidi nishike nguzo. Nilicheka kicheko ambacho sijakicheka tangu msiba, mpaka yule mwanamke akarudi nyuma hatua moja, akidhani ndiyo mashetani yanapanda. Nikamwomba radhi. Nikamgusa mtoto shingoni, ana moto. Nikampa maji, nikamsindikiza mpaka barabarani nikamwonyesha zahanati iliko. Aliondoka akigeuka geuka kunitazama, na sidhani kama aliniamini.

Habari ikamfikia shemeji kabla jua halijatua. Akapiga simu.

"Sasa umekuwa mganga? Unalitia najisi jina la ndugu yangu? Hujui kama malaika hawaingii nyumba yenye picha?"

"Shemeji," nikasema, "kanga aliyovaa mkeo kwenye msiba ilikuwa na jogoo mgongoni, mkubwa kuliko wangu. Malaika kwako wanapitia wapi?"

Akakata simu.

Idi ilipopita akaja, na alikuja na yule mtu wa Dar, kwenye gari la huyo mtu. Nilikuwa nimekaa barazani nashona, mkasi mapajani. Yule mnunuzi alikuwa mtu wa adabu, alinipa shikamoo kabla ya shemeji kunisalimu. Kisha akainua macho. Akatazama dirisha la kwanza, la pili, akazunguka pembeni akatazama mengine, akarudi amepunguza mwendo.

"Uliniambia nyumba tupu," akamwambia shemeji.

"Tupu. Kuna mjane tu."

Mjane tu! Maisha yangu yote ndani ya nyumba hii, kisha niwe "tu", kama mtungi uliosahauliwa uani. Nikaweka kofia chini nikasimama.

"Mama," yule mtu akaniuliza, taratibu, macho yake kwenye jogoo wa mlangoni, "hizi nyekundu ni za nini?"

Niliona anachokiogopa. Ningeweza kutetemesha mabega kidogo tu, kama nilivyomwonyesha jirani, na angekimbia. Nakiri ulimi uliniwasha. Lakini sikutaka nyumba yangu ilindwe na shetani nisiye naye.

"Ni za sikukuu, baba. Hubandikwa nyumba yenye watu. Hii ina mtu, na huyo mtu ndiye mimi, na siuzi. Shehe aliyegawa mirathi yuko hapo msikitini, kamuulize."

Alinitazama, akamtazama shemeji. Akasema, "Basi mama, tutaonana Mungu akipenda," akarudi nyuma mpaka akagonga mlango wa gari lake mwenyewe. Sijui alikimbia mashetani au alimkimbia mwenye nyumba. Vumbi lake lilinitosha.

Shemeji hakupanda gari. Alibaki uani, mishipa imemsimama.

"Umeniaibisha mbele ya mgeni. Mwacha mila ni mtumwa, na wewe umekuwa mtumwa wa Wachina."

Akaanza kuizunguka nyumba, anatafuta la kusema kwenye kila dirisha, na mimi nikamfuata. Alipofika dirisha la chumbani akasimama. Lilikuwa peke yake jeupe kati ya mekundu yote, na limepinda.

"Na hili?" akasema. "Yote mapya, hili limekufa. Hata hao Wachina wako wangelitoa."

"Wangelitoa," nikasema. Ilikuwa kweli. Jirani angenigonga kidole.

"Ngoja nikusaidie." Akapeleka ukucha akaanza kukwangua. Alikwangua, akabadilisha kidole, akakwangua tena, kioo kikilia, na komamanga halikutoka hata mbegu moja. Nilimwacha mpaka akasita mwenyewe, akitazama ukucha wake.

"Shemeji, limebandikwa kwa ndani," nikamwambia. "Kioo hicho alikitia ndugu yako, na uji aliupika ndugu yako, na limepinda kwa mkono wake, akiomba mtoto ambaye hakuja. Ukitaka kulitoa, pitia mlangoni. Na mlangoni kwangu watu hupiga hodi."

Niliuona uso wake kwenye kioo, na komamanga katikati ya uso. Kisha akashusha mkono, akapita kando yangu kuelekea barabarani. Mimi nikarudi barazani, nikaokota kofia yangu. Mlango uko wazi tangu siku hiyo, na hodi yake bado sijaisikia.